Mikonge ya Mpaka wa Baba

Siku moja ya kiangazi haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeshika panga la marehemu baba, nakata mikonge aliyoipanda mwenyewe kwenye mpaka wa shamba letu hapa Kasoli. Mama alitangulia, baba akamfuata, nami nikaacha shule darasa la sita, kwa kuwa wadogo zangu, Masanja na Kabula, hawakuwa na mwingine wa kuwapikia. Shamba lile ndilo lililotulisha. Karatasi ya kuonyesha kuwa ni letu hatukuwa nayo. Mpaka wake ulikuwa ule mstari wa mikonge, basi.

Mwenye ng'ombe wa kulima alikuwa amekubali kutulimia tukimpa kamba za katani. Baba alizoea kukata majani ya chini tu, yale yaliyokwisha kulala, na kuyaacha yaliyosimama. Mimi nikaona huo ni uvivu. Jirani yetu, Mzee Maduhu, akanikuta kazini.

"Kata yote, binti," aliniambia. "Mkonge haufi huo, ni kama magugu."

Nikakata yote, hata ule mkuki wa katikati ambamo majani mapya hutokea. Utomvu uliniwasha mikono siku mbili, lakini kamba zilikuwa nyingi na nilijiona mtu mzima.

Mvua za kwanza zilipofika, visiki vilikuwa vimekauka. Asubuhi moja nikakuta plau ya Mzee Maduhu imepita juu yake na kuingia kwetu hatua kama ishirini. Alikuwa na wanawe, wanapanda pamba.

"Mzee, mpaka ulikuwa hapa."

"Hapa wapi? Mimi naona udongo."

"Kwenye mikonge."

"Mikonge ipi, mayu? Nionyeshe mmoja."

Aliniita mayu, kama mama mwenye nyumba yake, ili wanawe wacheke. Wakacheka kweli.

Nilikimbilia kwa Bibi Ngolo, ajuza aliyempokea mama yangu watoto wote watatu. Alikuwa ameketi anachambua choroko. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Nani alikwambia ukate mkuki wa mkonge?"

"Mzee Maduhu."

"Shamba lake liko wapi?"

Nikageuza macho kuelekea mpaka wetu.

"Baba yako alikuachia mlinzi asiyelala wala kuomba ugali. Wewe ukamchinja upate kamba!" Nikaanza kulia. "Futa makamasi. Mizizi uliichimba?"

"Sikuichimba."

"Basi ngoja. Mkonge una watoto chini ya udongo. Usimtukane mtu, na usikubali kuhama. Kila asubuhi pita pale umsalimie Maduhu."

Nikapita kila asubuhi. "Mwangaluka, mzee," nasema, naye ananijibu, "Mwangaluka. Leo umeuona mkonge?" Maneno hayo yaliniuma, mwanangu, ila nilirudi kesho yake. Nyumbani Masanja alikuwa ananiuliza kila jioni kama tutahama.

Palizi ilipofika, nikaviona. Katikati ya pamba ya Mzee Maduhu, vichipukizi vya kijani cha majivu, kila kimoja na mwiba wake mweusi nchani. Wanawe walivipiga jembe, baada ya siku chache vikatokea tena. Bibi Ngolo akamwita mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alitembea polepole kutoka kwenye jiwe kubwa la juu, mpaka unapoanzia, hadi korongoni unapoishia, anaangalia chini tu. Kisha akageuka.

"Mzee Maduhu, hii ni nini?"

"Magugu."

"Magugu yako yanaota kwa mstari?"

Safari hii hata wanawe walishindwa kujizuia kucheka. Ikaamuliwa avune pamba aliyokwisha kuipanda, kisha arudi upande wake. Akarudi.

Tangu hapo mikonge ile naitunza mwenyewe. Naipalilia ikiwa midogo, maana nyasi huinyonga. Vichipukizi vinavyotoka nje ya mstari navihamishia penye pengo, mvua zikianza, ila siyo pale chini mbugani ambako maji hutuama na kuozesha mizizi. Mkonge ukitoa mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua, siukimbilii kuukata niujengee paa. Nasubiri miche inayoota juu yake ianguke, kwa kuwa huo mmea huzaa hivyo mara moja tu, kisha hufa. Masanja na Kabula walikulia juu ya shamba hilo, na wote wawili walimaliza shule niliyoiacha mimi.

Mwanangu, hata kama sikukuzaa mimi, huenda na wewe umeachiwa wadogo. Kila wiki itakuja na shida yake, na kila shida itakutaka ushike panga. Sikukatazi kukata. Kata majani ya chini, yaliyokwisha kufanya kazi yake, lakini mkuki wa katikati usiuguse: shamba la wazazi, shule ya mdogo wako, jina la nyumba yenu. Anayekuhimiza ukate yote, mwulize kwanza shamba lake liko wapi. Na ukiwa umekwisha kukosea kama mimi, usikimbie. Baki karibu na mizizi, salimia watu, ngoja mvua.

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, na wadogo zako wakue wakijua kwao kunaanzia wapi na kunaishia wapi.