Mofini Kwenye Mkojo wa Verna Petrunak

Verna Petrunak alipoambiwa kwamba mkojo wake una mofini, jambo la kwanza alilofanya ni kucheka. Alidhani ni mzaha. Daktari Whitcomb hakucheka. Aligeuza skrini ya kompyuta ili mgonjwa wake ajionee mwenyewe: mofini, ipo; kodeini, ipo.

"Bibi Petrunak, mimi nakuandikia plasta za maumivu," alisema. "Dawa iliyomo kwenye plasta ni nyingine kabisa. Hizi mbili zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwenye mashine yako."

"Tulirudia maabara, kwa mashine kubwa zaidi. Jibu ni lile lile."

"Basi ni mkojo wa mtu mwingine."

"Una jina lako."

"Mkojo hauna jina, Daktari. Chupa ndiyo yenye jina."

Kwenye kliniki ya maumivu ya Harlow Run, magharibi mwa Pennsylvania, kila mgonjwa hutia sahihi kwamba hatatumia dawa kali yoyote zaidi ya aliyoandikiwa, na kwamba atakojoa kwenye kikombe siku yoyote akiambiwa. Jibu moja baya linatosha kumtoa. Daktari alieleza haya kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Angempunguzia dozi taratibu, na mwisho wa mwezi wangeagana.

Verna ana miaka sitini na saba. Alikuwa mpishi wa shule ya mji hadi siku alipoteleza akiwa amebeba sufuria la supu, pingili za uti wa mgongo zikabonyea. Alipasuliwa, akapasuliwa tena. Kabla ya plasta alikula amelala ubavu, na marehemu mumewe ndiye aliyemvisha soksi. Kwa plasta, anayoibandika begani na kuibadilisha kila baada ya siku tatu, anaweza kusimama. Na kusimama huko karibu kote anakutumia mahali pamoja: chumba cha chini cha kanisa, kwenye meza ya kusukumia unga.

Kina mama wa kanisa hilo ni wajukuu wa watu waliotoka milima ya Karpati, mashariki mwa Ulaya, kuja kuchimba makaa. Kila Kwaresima hutengeneza mikate ya Pasaka. Unga husukumwa mpaka uwe mwembamba, hupakwa mchanganyiko wa njugu au wa mbegu nyeusi zilizosagwa na asali, kisha huviringishwa kama mkeka na kuokwa. Mji mzima hununua. Wao wenyewe hawagusi mpaka Pasaka, maana wamefunga, na mlinzi wa mfungo huo ni Irene Sabol, ambaye hajapata kumeza hata aspirini na hupenda watu walijue hilo. Verna peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuonja mchanganyiko, kwa sababu lazima mtu aonje. Huonja kwa kijiko kikubwa.

Alipowasimulia habari za kliniki, vifimbo vya kusukumia unga vilisimama mezani. Cha Irene hakikusimama.

"Sema kweli, shoga. Umepewa na nani?"

"Sijapewa na mtu."

"Umenunua?"

"Irene, mimi namba ya kadi ya benki yenyewe naisahau. Nitajulia wapi kununua heroini?"

"Wajanja ndio wanaojifanya wamesahau namba."

"Dada yangu hawezi kuficha hata zawadi ya Krismasi," alisema Metro kutoka kwenye ngazi. Metro Hrinya ni kaka yake Verna, mlinzi na mfagiaji wa kanisa, mchimba makaa mstaafu aliyewahi kunywa sana na sasa hanywi kabisa. "Mtu kama huyo atafichaje mofini?"

"Wewe nyamaza, mla ncha."

Hili la ncha linahitaji maelezo. Mkate ukishaiva hukatwa ncha zake mbili ili ukae vizuri kwenye boksi. Ncha huwekwa kwenye sinia karibu na tanuri la kupashia jengo joto, na kufika asubuhi huwa zimepungua. Hakuna aliyewahi kumwona mwizi, lakini kila mtu alimjua: ni Metro, mwenye funguo. Metro alikuwa amekana miaka nenda miaka rudi, akazidi kuonekana mwizi.

Kesho yake Irene aliingia na boksi kutoka duka la dawa. Ndani mlikuwa na kikombe cha kupimia mkojo nyumbani.

"Njoo nikuonyeshe mkojo safi unavyokuwa," alimwambia Verna. Akaenda chooni kidevu juu.

Alipotoka alikuwa amekifunika kikombe kwa kitambaa. Vikombe hivi vina mistari: mstari ukitokea, huna hiyo dawa mwilini, usipotokea, unayo. Verna alivaa miwani, akasoma mmoja baada ya mwingine, tena kwa sauti, kama mtu anayeita mahudhurio. Mistari yote ilikuwepo isipokuwa mmoja.

"Mofini," Verna alisema.

Tanuri lilinguruma.

"Kipimo kibovu," alisema Irene.

"Ndivyo nilivyosema mimi."

"Chako kilikuwa cha maabara. Hiki ni cha dukani."

"Kwa hiyo changu kizima, chako kibovu?"

"Eee. Hivyo hivyo."

Wakaenda dukani kudai kingine, Irene mbele, Verna nyuma na fimbo yake ya kutembelea. Mfamasia, Kaylee Bodnar, alifundishwa katekisimu na Irene na bado humwogopa kidogo. Alikiangalia kikombe, akapunguza sauti.

"Bibi Sabol, kipimo ni kizima. Umekula mkate wa mbegu nyeusi?"

"Mbegu zimeingiaje hapa?"

"Ni mbegu za ua la afyuni. Hazimlewishi mtu. Ila utomvu wa ua una mofini, na kidogo hubaki juu ya mbegu. Mtu akila za kutosha, inaonekana kwenye mkojo. Na kodeini pia."

Verna alishika kaunta kwa mikono miwili. "Kijiko changu!" alisema. "Mama yangu! Ni kile kijiko!"

"Basi wewe ni kijiko," Kaylee alisema. "Na wewe, Bibi Sabol?"

"Mimi nimefunga."

"Hujaonja kabisa?"

"Nimefunga, binti. Hujui maana ya kufunga?"

Kaylee alisafisha koo. "Kama si mbegu, basi itabidi nikuulize kuhusu heroini, maana nayo huonekana hivyo hivyo."

Foleni nyuma yao ilikuwa imefika kwenye rafu ya shampuu. Nusu ya watu wake ni waumini. Irene aliitazama foleni, akamtazama Verna, ambaye hakumwomba kitu, alisimama tu akiegemea fimbo na uso wa mtu anayesubiri hukumu. Kama Irene angeendelea kukana, Verna angebaki na maneno yake mwenyewe, na maneno ya mgonjwa wa plasta hayana bei pale kliniki.

"Ncha," Irene alisema.

"Ncha gani?"

"Nakula ncha."

"Tangu lini?" aliuliza Verna.

"Tangu padre aliyepita. Asubuhi, kabla hamjaja. Nina funguo ya mlango wa nyuma."

Verna alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, kisha kwa sauti, kisha bila sauti tena kwa sababu pumzi ilikwisha. Alishika rafu na pakiti za aspirini zikamwagika. "Usiseme tena, Irene! Mgongo wangu! Nyamaza, mgongo wangu!" Irene alijitahidi kukaza uso, ukamshinda. Wakacheka wote wawili wamekumbatiana, na Kaylee akainama chini ya kaunta, akisema anatafuta risiti.

Walirudi kanisani na mfuko mzima wa vikombe. Irene, baada ya kuanguka, hakutaka kuanguka peke yake. "Kila mtu," alitangaza. "Hakuna atakayesukuma unga kabla hajakojoa."

Choo cha chumba cha chini ni kimoja. Foleni ilipanda ngazi. Kila aliyetoka bila mstari alitoka na sababu. Mmoja alikuwa ameangusha kipande, akakiokota, na si vizuri kutupa chakula. Wa pili alimwonjea mjukuu. Wa tatu alisema mate yenyewe yalivuta mbegu kutoka hewani, akapigiwa makofi. Walianguka karibu wote. Padre Damian, kijana aliyehubiri Jumapili iliyotangulia juu ya ulafi, alishuka kuuliza kelele za nini, akapewa kikombe kabla hajamaliza swali.

Na yeye hakuwa na mstari.

"Kuna mtu huniachia sahani mlangoni," alisema.

"Na wewe unaila, Padre?"

"Sikutaka kumvunja mtu moyo."

"Kila siku hukutaka?"

Padre alikiri kwamba kila siku hakutaka.

Metro alikuwa wa mwisho. Alijifungia ndani muda mrefu hadi wakaanza kugonga. Alipotoka, mistari yote ilikuwepo, imenyooka, myekundu. Alikiinua kikombe juu kama nahodha mwenye kombe la ubingwa, akazunguka nacho meza nzima, na kina mama wakimsihi asikimwage kwenye unga.

"Miaka yote hii!" alipiga kelele. "Mla ncha! Mla ncha ni nani sasa?"

Daktari Whitcomb aliwapokea Verna na Irene kati ya wagonjwa wawili. Irene alikuwa amevaa koti la Pasaka.

"Mimi ndiye ushahidi," alisema hata kabla ya kukaa. "Sina ugonjwa, sina dawa, sina plasta. Nina mofini. Nimeila kwenye mkate, kwenye Kwaresima, na nimeitangaza dukani mbele ya watu. Nusu ya kanisa wanayo. Padre anayo."

Daktari alivua miwani. "Vipimo vya dukani havina uzito hapa, mama."

"Basi nipe kikombe chako."

"Wewe si mgonjwa wangu."

"Nikiendelea kuzungumza na wewe nitakuwa."

Daktari alifungua tena majibu ya Verna, akatazama kiwango, akakitazama tena. Kilikuwa kidogo, alisema. Kingeweza kuwa cha chakula. Kingeweza pia kuwa cha kitu kingine, na hakuwa na njia ya kujua. "Bibi Petrunak, nilikuuliza kama ulitumia kitu kingine chochote. Ulisema hapana."

"Mkate si kitu kingine, Daktari. Mkate ni mkate."

Hapo daktari alicheka, mara moja na kwa haraka, kama mtu aliyepiga chafya. Kisha akasema: juma zima bila mbegu, hata moja. Baada ya hapo kikombe kipya, na kwenda maabara. Kikiwa safi, plasta zinaendelea na mbegu zinaingia kwenye orodha ya marufuku, maisha yake yote. Kikiwa na mofini, yeye daktari hana la kufanya ila kumtoa.

Juma hilo zima, hadi siku ya kupimwa tena, Verna alivaa barakoa na glavu za mpira, na hakulamba hata kidole chake. Kijiko alipewa Irene, ambaye sasa hakuwa na sifa ya kupoteza. Irene alizidisha asali, akazidisha tena ili kusahihisha. Verna alinusa juu ya sufuria, machozi yakamtoka, akasema ni nzuri.

Simu ya kliniki iliingia Ijumaa, mikono ya Verna ikiwa kwenye unga. Irene alimshikia simu sikioni, na wengine wakasogea wakabana pumzi, Padre na Metro wakiwa kwenye ngazi.

"Mofini hakuna," alisema muuguzi. "Kodeini hakuna. Dawa ya plasta ipo, kama inavyotakiwa. Daktari anakuandikia nyingine. Zifuate Jumatatu."

"Rudia," Verna alisema.

Muuguzi alirudia. Safari hii hakumaliza, kwa sababu chumba kililipuka. Mtu alipiga sufuria kwa mwiko. Irene alibusu simu badala ya Verna. Metro alimshika padre mikono wakacheza polka kati ya meza na tanuri, na wa kwanza kuanguka kwenye gunia la unga alikuwa padre.

"Bibi Petrunak? Kuna nini huko?"

"Ni kina mama wa kanisa tu," Verna alisema. "Na padre wao. Asante, mwanangu. Jumatatu nitakuja kwa miguu yangu."

Alingoja Irene akate simu. Kisha akachukua kifimbo, akanyunyiza unga mkavu mezani, akasukuma donge lililofuata mpaka likafika ukingoni, huku amesimama.