Jinsi posho mill ya baba ilivyopata bei yake mahakamani Kisii

Wakuu, salamu. Miaka yote nasoma tu za wenzangu, leo niwape yangu. Nilikuwa ndani ya hiyo mahakama, kwa hivyo siongezi chumvi.

Ni mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba yangu, Tata kama tulivyomwita, alikuwa na plot na posho mill pale Ogembo. Watu walitoka hadi Nyacheki kuja kusaga mahindi.

Wafanyabiashara fulani wakaanzisha kampuni. Wakamwambia, tupe plot na mashine, tutakupa hisa za thamani hiyohiyo. Tata akatia sahihi.

Msimcheke. Wakati huo wengi wetu hisa tulizisikia redioni tu.

Cheti kilipokuja, hisa zilikuwa chache mno. Wakurugenzi walikuwa wameandika kwamba mashine ni chuma chakavu.

Mama alilia siku mbili.

Tata akaenda kortini bila wakili, na koti lake la kanisani. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, nikaomba ruhusa nikamsindikiza.

Mwenyekiti wa kampuni akashikilia kwamba bei ni ile ya vitabu vyao. Jaji akamwambia polepole, "Vitabu mliandika wenyewe. Nataka kujua, siku mliyobadilishana, mnunuzi asiyelazimishwa angetoa ngapi?"

Kisha Tata akapewa nafasi ya kumhoji.

"Mwenyekiti, ile mashine mliikatia bima?"

"Ndiyo, wiki ileile."

"Watu wa bima mliwaambia ni chuma chakavu?"

Karani wa korti alicheka wa kwanza, halafu sote. Jaji mwenyewe aliinamia karatasi zake.

Hati ya bima ikaletwa. Mara nne ya bei ya vitabuni.

Jaji alisema bima peke yake haitoshi, akaagiza mthamini. Naye akatoa bei iliyokaribia ile ya bima. Kampuni ikaamriwa kumwongezea Tata hisa.

Nyumbani mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Jirani zetu Waadventista walituletea ndizi mkungu mzima.

Sasa Tata ndiye aliyekuwa na hisa nyingi kuliko wote. Mkutano wa kwanza, kila mtu alijua mwenyekiti anaenda nyumbani. Tata akampigia kura abaki.

Nikamuuliza kwa nini.

"Huyu," akasema, "sasa anajua bei ya vitu."

Wakuu, nilichojifunza: ukibadilisha mali kwa hisa, thamani iandikwe kabla ya sahihi, na mtu asiye na maslahi upande wowote. Je, kwenu wazee waliwahi kuingia mkataba kama huu? Mliishia wapi?