Jiko Moja la Mwanaidi na Yudith

Mwanaidi alitoka Kondoa na watoto wake wawili baada ya mumewe kuoa mke mwingine. Akapanga chumba Area D, akafungua banda kule Mtumba, kwenye mji mpya wa serikali, akawa anawapikia pilau mafundi waliokuwa wakijenga majengo ya wizara. Banda la jirani lilikuwa la Yudith, Mgogo wa Mpwapwa, aliyeuza ugali wa uwele kwa mboga ya mlenda. Mwanzoni walinyang'anyana wateja na kununiana. Siku upepo wa mvua ulipoling'oa banda la Yudith, Mwanaidi alimwita.

"Leta sufuria zako huku. Kama ni kugombana, tugombane chini ya bati moja."

Wakawa wabia. Yudith aliapa kwamba nyama ya nguruwe haitaingia jikoni humo, na haikuingia. Mwezi wa Ramadhani yeye ndiye aliyeonja chumvi. Wizara zilipohamia, makarani walifuata mlenda, wakubwa wao wakaagiza pilau, na jiko likataka mikono zaidi. Wakawachukua vijana sita waliokuwa wakishinda kijiweni, miongoni mwao Fredy, aliyemaliza kidato cha nne akakosa la kufanya, na Ruthu, aliyekuwa na mtoto mchanga.

Mwanaidi aliwafunza mwenyewe, kwa ukali. Wali ukiungua, waliula wao. "Onjeni mlichotaka kumlisha mtu," alikuwa akisema. Haukupita muda mrefu Fredy akawa anapika pilau ambayo mteja hakuweza kuitofautisha na ya Mwanaidi.

Kisha baba yake Mwanaidi akafariki, naye akaenda Kondoa kuzika. Huku nyuma alikuja bwana mmoja, Ambokile, wa kampuni ya chakula iliyopata zabuni ya kuwalisha wafanyakazi wa wizara. Mwanaidi aliporudi alikuta majivu baridi mekoni. Yudith alimfuata nyumbani.

"Dada, wamewataka vijana wote. Wana sare, wana bima. Sisi tungewapa nini?"

"Na mimi?"

Yudith aliinamisha kichwa. "Walisema msimamizi mmoja anatosha, wakanichukua mimi."

"Nilikuwa namzika baba yangu, Yudith."

"Ningekungoja, nafasi ingeenda kwa mwingine."

Fredy naye alikuja kuaga, amevaa sare mpya. Alikuwa na furaha, na alijitahidi kuificha. Mwanaidi alimnyoosha kola, akamwambia asizidishe iliki. Alipoondoka, mama huyo alijifungia chumbani akalia kilio ambacho hakukilia hata Kondoa.

Peke yake hakuweza kulimudu jiko. Mwenye kiwanja alipotaka eneo lake, Mwanaidi alifungasha, akarudi nyumbani kukaanga maandazi barazani kwake.

Kabla mwaka haujaisha kampuni ikaona ni nafuu kupika mahali pamoja tu mjini, kisha kuleta chakula kwa gari. Yudith ndiye aliyetumwa kuwaambia vijana kwamba kazi imekwisha. Wiki iliyofuata akaambiwa yeye.

Vijana walikuja barazani kwa Mwanaidi, wote sita.

"Shikamoo mama. Tumerudi kazini," Fredy alisema.

"Marahaba. Kazi ipi, mwanangu?"

Aliwapa maandazi, wakala wamesimama. Ruthu alimfungia mwanawe moja kwenye kitambaa.

Siku chache baadaye akaja Yudith. Alikuwa amepata banda karibu na stendi, na mwenye banda alikuwa tayari kulipangisha.

"Vijana wapo, dada. Wanatungoja. Tuanze upya, mimi na wewe."

Mwanaidi aliendelea kugeuza maandazi mpaka yakaiva yote. "Ukifiwa nitakuja kukupikia msibani," alisema. "Ukiugua nitakuletea uji. Lakini jiko moja na wewe, siwezi."

"Sio kwa ajili yangu. Kwa ajili yao."

"Ulipowachukua pia ulisema ni kwa ajili yao."

Yudith akafunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Mwanaidi alijua Yudith hakusema uongo. Banda lilikuwapo, wateja wangekuja, na mtu mmoja asingeweza kuliendesha. Alijua kwamba neno lake moja limewafungia mlango vijana sita. Alilitafuta moyoni neno jingine, hakulipata.

Asubuhi yake Fredy alipita akienda kubeba zege. Alimwamkia kwa adabu kama siku zote, wala hakusimama.