Simbilisi na Dawa Iliyobaki

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama za aina ambayo mtu huzitaja huku akikohoa. Wenzangu walienda Nakuru, wengine Eldoret, wengine wakaolewa. Mimi nilibaki nyumbani, karibu na Kaplong, nikagundua kwamba kubaki ndicho kipaji nilichopewa. Nililijua jiko letu ufa kwa ufa. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba boma lake halihitaji mbwa, kwa sababu ana mimi, tena mbwa angalau huwa anatoka kidogo.

Kwa hiyo nilikuwepo, kama kawaida yangu, siku ndugu yangu alipomleta binti yake. Ndugu yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha majani chai kule Kericho. Mke wake alitoka upande wa ziwa, na wakati ule, baada ya ghasia za uchaguzi, watu wa upande huo walikuwa wanapakia vitanda na sufuria kwenye malori na kurudi kwao, bila mtu wa kuwaaga vizuri. Naye alienda. Tuliambiwa atamwita mtoto baadaye. Sote tulijua maana ya "baadaye" ikisemwa na mtu mzima anayetazama chini.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu. Ndani ya katoni alikuwamo simbilisi, mnyama mdogo mnene asiye na mkia, wa wale ambao watoto wa kambi za chai hufuga chini ya vitanda. Alikuwa mweupe, na doa la kahawia kwenye jicho moja kama mtu aliyepigwa ngumi. Alikuwa na jina, lakini mtoto alimnong'oneza tu sikioni. Sisi hatukuambiwa.

Kambini walikuwa wakizungumza Kiswahili, kwa hiyo Kikipsigis, lugha yetu, hakukijua. Watoto wa jirani walimzunguka, wakamsemesha, wakamcheka. Nyumbani sote tukahamia Kiswahili kwa ajili yake. Kiswahili cha baba kilikuwa cha kuuzia ng'ombe na kujibu polisi, hakikuwa na maneno ya mtoto. Alikuwa anasimama mbele ya mtoto, anajikwaruza kidevu, anamwita mama kama wazee wanavyowaita wajukuu, anasema kwa lafudhi yake ya Kikipsigis, "Wewe, mama. Umekula? Umeshipa?" Mtoto anatikisa kichwa, yamekwisha.

Hakusema na mtu. Wiki ya kwanza hakusema, ya pili hakusema. Lakini asubuhi, nyuma ya jikoni, tulisikia sauti yake ikimweleza simbilisi mambo yote: kwamba maziwa ya hapa yamewekwa makaa, kwamba jino la chini linauma, kwamba anti anakoroma. Anti ni mimi. Mama alikuwa anatunyamazisha kwa mkono, ufagio umesimama hewani.

"Nyamazeni. Mtoto anasoma habari."

Ndivyo tulivyolea. Akimwambia simbilisi kwamba jino linauma, jioni mama anamkagua mdomo kana kwamba ameoteshwa. Akimwambia kwamba hapendi mursik, hayo maziwa ya kibuyu yenye makaa, kesho yake anakuta chai. Bila yule mnyama hatukuwa na mlango mwingine wa kumfikia. Nilimwambia mama, siku moja tukiwa tunachambua mboga, kwamba huyo simbilisi akifa tutabaki na mtoto kama tuliyepewa na serikali tumtunzie. Mama akasema nikome. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anakata nyasi laini za simbilisi kabla ya za ng'ombe.

Mimi nilitaka niwe wa kwanza kusemeshwa. Nilikuwa na wakati, na hapakuwa na mtu mwingine aliyenihitaji. Siku moja nikajifanya mjuzi wa wanyama, nikamwinua simbilisi kwenye katoni nikiwa nimesimama, nimemshika mabegani kama mtu anayeanika shati. Akaning'ata kidole. Nikapiga kelele iliyomfanya jirani atokee kwenye ua akiwa na panga.

"Nyoka?"

"Simbilisi," nikasema.

Alinitazama, akarudi zake na panga lake. Hiyo habari ilifika Sotik kabla ya jioni.

Kwa bahati sikumwangusha. Mtoto alinishika sketi, akanivuta mpaka nikakaa kwenye nyasi. Akamtoa mikononi mwangu taratibu, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, akamlaza kwenye mapaja yake. Halafu akaelekeza kidole changu kinachotoka damu kwenye karai la maji na sabuni. Nikanawa. Alinitazama hadi povu likaisha, kama sista wa hospitali. Sikupata neno hata moja, lakini nilipata maagizo, na mimi ni mtu ninayeridhika na kidogo.

Kutokana na hayo nikatunga sheria, nikazitangazia watoto wote wa jirani waliokuja kushangaa. Asiyekaa chini hamshiki. Mikono miwili. Hakuna kumfinya, hakuna kumvuta mguu, hakuna kumbusu. Ukimaliza unanawa. Sheria zilifuatwa nilipokuwa nazitazama. Siku nilipoingia ndani kugeuza ugali, msichana mmoja wa jirani alimbeba akakimbia naye akimwonyesha mwenzake, na mnyama akamponyoka kimo cha kiuno. Nilipotoka nilikuta damu puani mwa simbilisi, watoto wametawanyika kama kuku, na mwenye mali amepiga magoti. Hakulia. Alimfunika na leso, akaiweka katoni kwenye giza chini ya meza, akakataza mtu yeyote asiiguse. Nilitaka kumkanda, kumpa uji, kumwombea. Alinisukuma mkono. Kesho yake simbilisi alikuwa anatafuna nyasi. Nilianza kuamini kwamba mtoto yule atatushinda sote.

Hapo ndipo ninapaswa kueleza habari za Jumamosi kwetu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Baba hakumwachia mtu kazi hiyo. Alivaa gambuti, akabeba pampu mgongoni, akawapitia mmoja mmoja, masikio, kwapa, chini ya mkia, akiwasemesha lugha ambayo hakuwahi kutusemesha sisi. Hajawahi kupoteza ndama kwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, na jambo hilo alilitaja hata kwenye mazishi ya watu. Sasa, dawa ni ghali, na ikishachanganywa na maji haikai. Kwa hiyo katika boma letu, na maboma yote niliyoyajua, dawa iliyobaki haimwagwi. Baada ya ng'ombe, mbuzi. Baada ya mbuzi, mbwa. Baada ya mbwa, nyumba ya kuku. Kikibaki kikombe, miguu ya kitanda cha mgeni aliyelalamikia viroboto. Tulikua tukijua kwamba chochote chenye manyoya kinachojikuna, dawa yake iko kwenye pampu ya baba.

Na simbilisi alianza kujikuna. Ilikuwa msimu wa mvua, nyasi za katoni zilikuwa hazikauki. Manyoya ya mgongoni yakatoka, ngozi ikabaki nyekundu. Asubuhi, nyuma ya jikoni, taarifa ya habari ikawa ni hiyo tu: usijikune, pole, usijikune.

Jumamosi moja nikiwa jikoni nasugua vibuyu, nilisikia sauti yake ikitoka upande wa boma la ng'ombe. Haikuwa ya kunong'ona.

"Babu," ilisema. "Anajikuna."

Niliacha kibuyu. Mama, aliyekuwa mlangoni, alinishika mkono nisitoke, nisije nikaharibu. Tulichungulia. Baba alikuwa amesimama na pampu mgongoni, na uso wake, ambao nimeuona kwenye harusi na kwenye mahakama ya ardhi, sijawahi kuuona hivyo. Mzee alikuwa ameitwa. Kati yetu sote, mimi na sheria zangu, mama na chai yake, ameitwa yeye.

"Anajikuna?" akasema polepole. "Wapi, mama? Onyesha babu."

"Hapa. Na hapa."

"Ah. Hii ni kitu kitogo. Hii ni kitu kitogo sana. Leta."

Mama alikuwa anatabasamu. Hata mimi nilitabasamu. Nilirudi kwenye vibuyu vyangu nikisikia wivu kidogo, nikiona kwamba nyumba yetu sasa itakuwa na mtoto.

Nilipotoka tena, baba alikuwa ameshamaliza. Alimfanyia simbilisi kama anavyomfanyia ng'ombe anayempenda, bila kuruka mahali: masikio, kwapa, tumbo. Mnyama alikuwa amelowa chapachapa, amekuwa mdogo kama kiatu cha mtoto, na msichana alikuwa amemkumbatia kifuani, nguo yake imelowa. Wote wawili, yeye na babu yake, walikuwa na furaha.

"Kufikia kesho amepona," baba akaniambia. "Wewe na form four yako ulikuwa unamtazama tu."

Katika boma letu msomaji wa vibandiko nilikuwa mimi, lakini hakuna aliyewahi kunitaka nisome cha dawa ya kupe, kwa sababu baba alikuwa anaijua kwa mkono. Niliuendea mkebe. Pale palitajwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vipimo vyao. Palisemwa pia kwamba ikigusa ngozi ya mtu, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na nguo zivuliwe. Nikakimbia, jambo ambalo jirani zangu hawakuwa wamelishuhudia. Nilimvua mtoto nguo, nikamwosha mikono, kifua, shingo, mpaka akauliza kwa macho kama nina akili. Halafu nikamwosha simbilisi kwa maji ya uvuguvugu, mara moja, mara mbili, nikamkausha na leso, nikamkalisha karibu na moto.

Alikuwa ameanza kutetemeka. Mate yalikuwa yanamtoka. Nikimsimamisha, miguu ya nyuma inateleza kila mmoja upande wake.

"Ni baridi ya maji yako," baba akasema. Lakini alikuwa ameshavua pampu.

Nilimchukua mtoto na katoni, tukashika njia ya kwenda kwa daktari wa ng'ombe, aliyekuwa na duka la dawa za mifugo pale sokoni. Nilienda na gambuti na aproni ya masizi. Wanawake waliokuwa wanapeleka majani kwenye kituo cha kupimia walisimama na vikapu vyao.

"Leo umetoka! Kwani umepata bwana?"

"Ni mgonjwa," nikasema.

"Bwana ni mgonjwa?"

Daktari alifungua katoni, akatazama, akaniuliza kama natania. Kule kwao, akasema, hawa huliwa. Kisha akamwona mtoto, akavua kofia. Aliuliza ni dawa gani na imechanganywa vipi. Nikamwambia: ya ng'ombe, kwa kipimo cha ng'ombe. Akauliza kama nimemwosha. Nikasema nimemwosha.

"Basi umefanya ambacho kingefanywa. Mweke kwenye joto. Mtoto ana shida yoyote? Anatapika? Anatetemeka?"

"Hapana."

"Mtazame huyo. Akianza, kimbia hospitali." Akafunga katoni polepole sana. "Kwa huyu mwingine sina kitu. Sindano yangu ndogo kabisa ni kubwa kuliko mguu wake."

Tulirudi taratibu. Mtoto alikuwa anachungulia kwenye matundu kila baada ya hatua chache. Tulipofika penye daraja aliacha kuchungulia. Aliniomba katoni kwa kunyoosha mikono, nikampa, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Baba alikuwa langoni. Hakuwa amekula. Alimtazama mtoto, akatazama katoni, akageuka akaenda kuwafunga ng'ombe ambao walikuwa tayari wamefungwa. Alichimba shimo nyuma ya jikoni kwa jembe la majani chai, refu kupita kiasi, la kumtosha mbwa mkubwa. Kiasi cha dawa kilichokuwa kimebaki kwenye pampu alikimwaga ndani ya shimo la choo. Mama aliona, nami niliona.

Mtoto hakumlaumu mtu, na hiyo ndiyo iliyotuvunja. Angemwita babu yake muuaji, tungejua pa kuanzia. Alikula alichopewa. Asubuhi tulinyamaza, mama na ufagio wake, tukasikiliza nyuma ya jikoni. Palikuwa na kuku tu. Jino la chini lilikuja kung'oka na hatukujua kwamba lilikuwa linauma tena.

Baada ya wiki kadhaa baba alienda mpaka soko la Merigi, mtu ambaye husema soko ni la wanawake, akarudi na simbilisi wawili kwenye kikapu. Jioni hiyo alikaa chini kwenye nyasi, magoti yakilia, akamshika mmoja kwa mikono miwili kama sheria zinavyotaka.

"Mama. Kuja uone. Huyu hajikuni."

Mtoto alisimama mlangoni. "Asante, babu," akasema, kwa adabu ambayo mtu huwapa wageni, akaingia ndani kuleta kuni. Hakuwahi kuwagusa. Nyasi aliwakatia, na maji aliwabadilishia kila siku, mikono yake akiirudisha nyuma mara tu kikombe kinapowekwa chini. Baadaye tukawapa watoto wa jirani.

Kikipsigis alikijua kabla ya mwaka kuisha. Majirani walifurahi, wakasema sasa amekuwa wetu. Alijibu alichoulizwa, vizuri, kwa sentensi fupi. Mama yake hakumwita. Alipofika darasa la nne ndugu yangu alimpeleka shule ya bweni, na alipomaliza alipata kazi mbali, na anayejua ni mbali wapi ni yeye.

Huja mara chache. Huleta mkate na sukari, hukaa kwenye kiti cha wageni, hunywa chai nusu kikombe. Mimi bado niko, bila shaka. Nani mwingine angemfungulia lango. Akishaondoka, baba, ambaye sasa haoni vizuri, huniita pale alipokaa.

"Amesema nini?"

"Amesema njia ina matope."

"Nini ingine?"

"Hiyo tu, baba."

Hutikisa kichwa kwa muda mrefu, kana kwamba matope ni neno kubwa.