Kope la Kabedi

Binti yangu Kabedi alizaliwa hapa Kamina mwaka wa 1937. Kope la jicho lake la kushoto lilikuwa limeshuka, likafunika nusu ya mboni.

Wifi yangu Umba alimpakata na kutoa sababu papo hapo. Mume wangu Kazadi alikuwa mtu wa breki kwenye gari-moshi, akirudi asubuhi amechoka. Basi mtoto amebeba usingizi wa baba. Nikamuuliza mbona jicho la kulia halisinzii. Akasema hilo ni la kwangu, kwa kuwa nachunguza mno mambo ya watu. Mama huyo hakukosa jibu hata siku moja.

Kabedi alipoanza kutembea, aliinua kidevu ili aone chini ya lile kope. Majirani wakasema anaringa. Watu wazima, wenye wajukuu, walimnunia mtoto asiyejua hata kujifuta makamasi.

Siku moja Umba akaja na wembe.

“Kope iko nzito, Mama Kabedi. Tumuchanje, damu ya usingizi itoke.”

“Mwenye usingizi njo kaka yako. Anza naye.”

Aliondoka akiapa kurudi nitakapokuwa shambani. Tangu hapo nilikwenda na mtoto shambani, mtoni, hata misani, nikiogopa kumwacha na yeyote. Mwishowe nikampeleka hospitali.

Daktari hakutaja usingizi. Alieleza kwamba msuli unaoinua kope ulikuwa dhaifu tangu tumboni. Hatari ilikuwa kwamba jicho linalofunikwa utotoni husahau kuona, na likishasahau, hakuna wa kulikumbusha. Akaagiza nifunge kitambaa jicho zima kila asubuhi, ili lile bovu lifanye kazi. Akikua kidogo, angepasuliwa.

Mtaa mzima ukacheka. Mtoto ana jicho moja zima, na mama yake analifunga! Umba alimweleza kaka yake kwamba nimerukwa na akili, naye Kazadi, ambaye dada yake alikuwa kama redio yake, akaja kukifungua kile kitambaa.

Nilimwomba aketi kwanza. Nikamwekea Kabedi ungo wa maharage, kitambaa kikiwa bado kwenye jicho zima, nikamwambia atoe mawe. Mtoto akainua kidevu, akapapasa. Akaweka maharage pembeni, mawe akayaacha.

Kazadi alitazama mpaka ungo ukaisha.

“Basi hili jicho haliione?”

“Linasahau. Weye unataka lisahau yote.”

Alikaza fundo la kitambaa kwa mikono yake, na dada yake alipokuja kumwuliza, akamwambia arudi kwake.

Alipofika darasa la pili Kabedi akapasuliwa. Kope lilipanda, ingawa halikulingana kabisa na la pili, na wakati wa kulala lilibaki wazi kidogo. Kwa muda mrefu nilimpaka dawa jicho lisikauke. Leo ni fundi cherehani, na jicho la kushoto linaona.

Umba anasimulia sokoni kwamba yeye ndiye aliyetutuma hospitali. Watu wanamwamini. Ni walewale waliocheka kitambaa; wamefanana naye.