Mabao Matatu Yaliyopigiwa Filimbi

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nina jicho. Nilifundisha mpira wa magongo katika shule ya wasichana Busia, upande wa Kenya, na nikimtazama msichana akicheza dakika tano tu, ningekuambia kama atafunga mabao au atatusindikiza. Mara nyingi sikukosea, na hilo ndilo lililoniharibu.

Msichana huyu nilimwona Lunyo, upande wa Uganda, nilipokwenda kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Watoto walikuwa wakicheza kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kwa magongo waliyochonga wenyewe kutoka matawi ya mpera. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi, miguu myembamba, na mpira ulimtii. Ukimjia kulia anapiga, ukimjia kushoto anapiga, wala hageuki. Nikarudi Busia nikamtangazia mkuu wa michezo: nimekupatia mfungaji. Shule ilikuwa na nafasi moja ya kumsomesha mchezaji bure, na kwao masomo yake yalikuwa yamekatika kwa kukosa karo.

Siku ya majaribio alivuka mpaka na mama yake, amevaa viatu vya kuazima. Tukampa gongo la dukani. Gongo hilo lina upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, na sheria inakubali ule bapa tu. Mpira ukija kushoto, lazima uligeuze gongo mkononi. La mpera halina mambo hayo. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Na wa kumweleza nilikuwa mimi.

Mpira ulimjia kushoto, akaupiga kwa upande wa mviringo, ukaingia golini. Filimbi, bao likakataliwa. Mara ya pili vilevile, na ya tatu. Akanitazama pale nilipokaa na walimu wenzangu, akapaza sauti, "Mwalimu, mbona wanapuliza? Mpira si imeingia?"

Walimu wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama huyo ndiye niliyemwimba wiki nzima. Tatizo nilikuwa nimelielewa tangu filimbi ya pili. Ilitosha kuinuka, kutembea hatua ishirini na kumwonyesha. Lakini uso uliniwaka kwa aibu, nikabaki nimekaa kama gunia.

Mkuu wa michezo, mtu wa haki, akaniuliza kwa upole, "Sema wewe unayemjua. Atafunga?"

"Hapana," nikasema. "Nilikosea."

Nafasi ikaenda kwa mwingine, mchezaji wa kawaida tu.

Mwezi uliopita nilimkuta yule wa Lunyo sokoni Busia akipepeta karanga, mwanamke mzima sasa. Nilitaka kupitia njia nyingine, nasema kweli. Akaniwahi, akapiga magoti kunisalimu kama wanavyofanya kwao.

"Mwalimu, ile siku mimi nilikuaibisha mbele ya wenzako," akasema. "Mama alilia njia yote. Nisamehe. Mimi sikujua kucheza."

Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni: ulijua, mwanangu, ulijua kuliko wote waliokuwa pale, mimi ndiye niliyenyamaza. Watu walikuwa wakipita, muuza nyanya wa jirani ametega sikio. Nikaona aibu tena, ileile.

"Yamepita hayo," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishukuru kwa mikono miwili.