Alama ya Chini ya Kisigino

Nilipokuwa mtoto kule Rumonge, ng'ambo ya ziwa, nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeigombea: kumwosha bibi miguu. Mchana kutwa alikanyaga chikichi zilizochemshwa, na jioni nyayo zake zilikuwa na rangi ya mawese hata usugue vipi. Ndiyo maana niliiona mimi kabla ya mtu yeyote, alama nyeusi chini ya kisigino, ndogo kama jicho la dagaa.

Bibi aliuvuta mguu. "Iko alama tu, mutoto wangu. Usiiseme. Ugonjwa ukisikia jina yake, unakomaa."

Nilikuwa na miaka minane na mdomo usiofungika. Alama ilipopanuka, kingo zake zikaenda ovyo, nilimnong'oneza mama.

"Na wewe unasema!" akanikemea. "Nyamaza kabisa."

Nikanyamaza. Ikakua. Ikawa kidonda cha kuvuja damu. Mganga akasema bibi amekanyaga dawa aliyotegewa njiani, akamchanja kisigino kwa wembe, akapaka masizi. Kinenani akaota mtoki. Uhuru ulipofika alikuwa hawezi tena kusimama.

Jioni moja aliniuliza, "Uliisema, eeh?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Basi, si kitu," akasema, akaninyooshea mguu nimwoshe.

Alipofariki nilijua nimemuua mimi. Mwaka wa sabini na mbili tulikimbia mauaji, tukavuka ziwa mpaka Kigoma. Kaburi lake tuliliacha. Hatia yangu nilivuka nayo.

Nilishakuwa na wajukuu nilipomsimulia nesi mmoja wa zahanati habari za bibi, naye akanieleza. Saratani ya ngozi si moja, alisema. Iko ya jua, inayowaandama zaidi watu wenye ualbino. Iko inayoota kwenye kovu la moto lisilopona. Na iko ile nyeusi, ambayo kwetu sisi weusi hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, wala jua halihusiki. Alama ikianza kubadilika ikakatwa mapema, mtu anaweza kupona.

Nililia palepale kwenye benchi. Miaka yote hiyo nilijilaumu kwa kusema, kumbe tulipaswa kusema sote, tena kwa kelele.

Siku hizi kila Jumapili nageuza nyayo za wajukuu wangu. Wanacheka, wanadhani nawatekenya. Nikiona alama, hata ya wino, naitaja kwa sauti kubwa, na mpaka leo moyo hunidunda kwa hofu kwamba imesikia.